Injini Tuliyoifuata Mutsamudu

Mwezi uliopita fundi mmoja kijana alifungua kifuniko cha oili cha gari nililotaka kulinunua, akakigeuza na kuninyooshea. "Safi kabisa, mama," akasema. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshakishika na kukinusa. Alicheka sana, maana mimi ni mwanamke wa makamo, nimevaa viatu vya ofisini, halafu ninanusa kifuniko cha oili kama ninanusa mchuzi. Sikucheka naye. Harufu ile ya oili kuukuu iliyoungua chumani ilinifanya niombe kiti. Alidhani ni jua. Gari lile sikulinunua, na wala halikuwa na kosa lolote.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa upesi, nyinyi mliokuwa na miaka kumi hivi visiwa vyetu vilipogombana. Mnakumbuka jinsi redio ilivyokuwa haizimwi, na jinsi mtu mzima akiinua kidole tu watoto wote tunanyamaza. Kisiwa cha Nzuani kimetangaza kujitenga, ilisema redio, na serikali ya Moroni imekasirika. Mimi nilidhani kujitenga ni jambo la kisiwa chenyewe, kwamba Nzuani inasogea baharini kidogo kidogo kila siku, na ndiyo maana nauli ya meli inapanda. Nilimwuliza Baba kwao wanasogea upande gani. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nikamletee maji.

Baba alikuwa mtu wa Mutsamudu, mji wa Nzuani. Mama ni wa Mvouni, huku juu ya Moroni, na nyumba ilikuwa ya Mama, kama zilivyo nyumba zetu zote za kisiwa cha Ngazija. Mwanamume huja kwa mkewe na nguo zake na adabu yake, na mwenye kauli ya mwisho ndani ya nyumba ni kaka wa mke. Kwetu kauli hiyo ilikuwa ya Mjomba Saandi, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye sikuwahi kumsikia akirudia neno. Lakini Baba hakuja na nguo tu. Alikuja na gari, teksi kuukuu ya Kifaransa yenye mlango mmoja wa rangi tofauti, na kwa gari lile watu wa Mvouni walisahau alikotoka. Kila asubuhi aliwashusha mjini: akina mama na vikapu vyao, makarani, wagonjwa wa hospitali. Hakuna aliyemwita Mnzuani. Walimwita "dereva wetu".

Kisha injini ikafa. Ilifia mlimani, kwenye kona ya pili, na gari limejaa watu. Kwanza kulikuwa na mgongano wa chuma ndani, ka-ka-ka, halafu kishindo kimoja, halafu kimya, na oili ikatiririka barabarani. Wanaume walilisukuma hadi kwa Fundi Bakari. Fundi huyu alikuwa mmoja wa watu wetu waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo, baada ya wenzao kuuawa kule, na watu walimtania kwa jina la ndege iliyowaleta. Hakuwahi kuitika kwa jina hilo. Alifungua injini siku nzima, akamwita Baba, akamwonyesha tundu ubavuni mwa chuma ambalo mkono wangu ungepita.

"Hii haitengenezeki," alisema. "Tafuta nyingine, iliyotumika, lakini namba iwe hii hii. Moroni hazipo, nimekwisha uliza. Mutsamudu huenda zikawepo. Meli kubwa zinafunga kule, na magari mabovu ya Ufaransa yote yanashukia kule."

Katika wiki zile ambazo gari lilikaa juu ya mawe, mambo yalibadilika upesi mno. Kwenye bangwe, ule uwanja wa mawe ambapo wanaume wa kijiji hukaa na kuzungumza, watu walianza kunyamaza Baba anapopita. Mwenye duka alimwambia sukari imekwisha, na mimi nikaenda nyuma yake nikauziwa. Ijumaa moja mchana jiwe lilitua juu ya bati letu. Jioni yake nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia Mjomba akimwambia Mama:

"Watu wananiuliza mimi. Mnzuani bila gari anafanya nini hapa? Na mimi sina jibu la kuwapa."

"Ni mume wangu," Mama alisema.

"Najua. Hilo si jibu la kuwapa watu wa leo."

Kwa hiyo nililijua jambo hilo kwa akili yangu ya miaka kumi, na sidhani kwamba nililijua vibaya. Injini ikipatikana, Baba anakaa. Isipopatikana, Baba anaondoka. Nilianza kuiombea injini katika sala zangu, na nilikuwa nikitaja namba yake ili Mungu asije akaleta nyingine.

Fundi Bakari hakuweza kwenda kuikagua. Karatasi zake za Majunga zilikuwa na matatizo hata mjini Moroni, sembuse kule. Baba naye alijua kuendesha, lakini ndani ya injini alikuwa mgeni kama mimi. Ndipo Fundi alipoamua kunifundisha mimi, kwa sababu chuoni kwetu nilikuwa wa kwanza kuhifadhi Kurani. Alinikalisha juu ya tairi, yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anasema nami narudia huku tunayumba mbele na nyuma kama tuko mbele ya mwalimu.

"Ukifungua kifuniko cha oili ukaona weupe?"

"Maji yameingia kwenye oili. Tunaondoka."

"Plagi?"

"Kavu ya kahawia ni nzuri. Yenye oili nyeusi, injini inakunywa oili."

"Krenki?"

"Tunaizungusha kwa spana. Isiwe nyepesi, isiwe na mahali inapokwama."

"Kidole?"

"Nakiweka kwenye tundu la plagi, Baba anazungusha. Upepo unisukume kwa nguvu. Silinda zote nne, sawasawa."

"Moja ikiwa dhaifu?"

"Tunatia kijiko cha oili ndani. Nguvu ikirudi, ni ringi. Isiporudi, ni valvu."

"Na mwisho?"

"Tusikubali mpaka tumeisikia ikinguruma."

Alinipiga mgongoni kwa furaha, akaniachia alama ya mkono mweusi kwenye gauni. Mama alivua bangili yake ya dhahabu, ile aliyopewa na mama yake, akaifunga kwenye kitambaa na kumpa Baba kwa ajili ya kubadilishana na injini. Na Mjomba akasema, kwa sauti yake ileile ndogo, "Mtoto ataenda naye. Na utamrudisha nyumbani kwa mama yake." Baba aliweka mkono kifuani, akasema, "Wallahi, nitamrudisha."

Nilijiona mtu mkubwa. Nilidhani napelekwa kwa sababu ya kichwa changu. Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, ndipo nilipofahamu kwamba Mjomba alihitaji kitu cha kumfanya Mnzuani yule arudi, na katika nyumba ile hapakuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa mimi.

Tulikwenda kwa siku nne. Tulikaa zaidi ya miezi miwili.

Shangazi Moinaecha, dada yake Baba, alitupokea nyumbani kwake ndani ya mji wa kale wa Mutsamudu, kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii na watu wawili wanene hawapishani. Siku ya pili tulikwenda uwanja mmoja karibu na bandari. Kulikuwa na injini yenye namba yetu, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa. Muuzaji alikuwa na maneno mengi sana. Baba alifungua kifuniko, na ndani yake kulikuwa na uji mweupe, mzito, kama maziwa yaliyoganda.

"Weupe," nikasema. "Tunaondoka."

"Huyu ndiye fundi wako?" muuzaji alimwuliza Baba.

"Ndiye," Baba alijibu, na tukaondoka. Nilitembea nimeinua kidevu mpaka nyumbani.

Ya pili ilikuwa nyuma ya karakana moja, imekaa mvuani bila plagi. Namba ilikuwa sawa. Baba aliweka spana kwenye krenki, akavuta, haikusogea. Akaja mwenye karakana wakavuta wawili, wakaja wengine wawili wakatia bomba kwenye spana ili liwe refu, na wote wanne wakaning'inia pale. Haikusogea hata unywele. Baba alinawa mikono kwa mchanga muda mrefu, mpaka nikaona aibu na kuangalia pembeni.

Baada ya hapo meli zilikatika. Wakubwa wa nje waliamua Nzuani ifungiwe, na bandari ile kubwa ikabaki na makuli waliokaa kwenye kivuli cha makontena, hawana cha kubeba. Petroli ikaisha, mafuta ya taa yakaisha, Shangazi akawa anapika kwa makumbi ya nazi. Vijana wenye bunduki walikuwa kila njia panda, na hawakuwapenda Wangazija. Kila nilipofungua mdomo, lafudhi ya Mama ilitoka. Shangazi alinikalisha chini, akanifunika kwa shiromani lake, shuka la wanawake wa kule, lililonukia sandali, akanifundisha.

"Hapa ukiulizwa na mtu yeyote, sema baba yako ni mtu wa hapa. Mutsamudu. Nyumba yetu nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Sema hivyo tu."

"Mama aliniambia Moroni niseme Baba ni mtu wa Mvouni."

"Moroni, sawa. Hapa si Moroni."

Nikayahifadhi na hayo.

Baba alianza kukonda. Kila asubuhi alitoka kutafuta, kila adhuhuri alirudi mikono safi. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi za kichochoro, uso kwenye viganja, mabega yanatikisika. Aliponiona alisema oili imemwingia machoni. Siku ile hakuwa amegusa injini yoyote. Nilikaa karibu naye, nikaanza kumsomea somo la Fundi Bakari tangu mwanzo: kifuniko, plagi, krenki, kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nirudie.

Aliyetuokoa alikuwa kuli mmoja wa bandarini. Alisema kuna dereva mzee ndani ya mji, gari lake limeoza lakini injini alikwisha kuitoa na kuificha, asije akanyang'anywa na vijana. Tukaenda. Mzee alitukaribisha sebuleni, akatukalisha, akaita kahawa. Tulizungumza habari za afya, za mvua, za wazee waliofariki. Mimi niliitafuta injini kwa macho mpaka nikachoka. Ndipo alipoondoa sinia ya vikombe kutoka kwenye meza, akaondoa na kitambaa cha kufuma, na meza ilikuwa ndiyo injini yenyewe, imesimamishwa juu ya magogo katikati ya zulia.

"Mke wangu ndiye aliyeitia kitambaa," alisema.

Namba ilikuwa sawa. Kifuniko kilikuwa kikavu na cheusi, hakuna weupe. Baba alichomoa plagi, tukazipanga kwenye sinia ya kahawa: tatu za kahawia, moja yenye weusi wa oili. Alivuta spana, na krenki ikazunguka, nzito, bila kukwama. Nikaweka kidole gumba. Silinda ya kwanza ilinisukuma kwa nguvu, ikatoa sauti ya mtu anayepuliza mshumaa. Ya pili vilevile, na ya nne. Ya tatu ilikuwa dhaifu.

"Tia oili," nikasema.

Mke wa mzee alileta kijiko chake cha chai. Baba akatia oili, akazungusha tena, na upepo ukanirushia kidole na tone la oili shavuni.

"Ringi," nikasema.

"Itakunywa oili kidogo," mzee alikiri bila aibu. "Mimi pia nimezeeka. Lakini itatembea."

Baba aliniangalia. Sijawahi tena katika maisha yangu kuangaliwa na mtu mzima namna ile, kwa kungoja jibu langu kwa dhati. Nilijua Fundi Bakari angesema tutafute nyingine. Lakini nyingine haikuwepo, na nilikuwa nimekwisha kuchoka kumwona Baba akikonda.

"Tuisikie," nikasema.

Ndani haikuwezekana kuiwasha, kwa moshi. Makuli sita waliifunga kwenye miti miwili wakaibeba kwenye vichochoro, wakipaza sauti ili watu wasimame milangoni, mpaka pale mji wa kale unapokutana na barabara. Tukaiketisha juu ya matairi. Mzee alileta betri, na kutoka ndani ya kanzu yake akatoa chupa nusu ya petroli aliyokuwa ameificha kabatini pamoja na marashi ya mkewe. Baba akaunganisha nyaya. Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi wa buluu, kisha ikashika. Ilinguruma juu ya matairi yale ikitetemeka mwili mzima. Wale makuli walipiga makofi, na Baba akapiga magoti mbele yake barabarani, sikio karibu na chuma.

Mngurumo uliwaleta vijana watatu wenye bunduki. Walitaka kujua petroli imetoka wapi na injini inakwenda wapi, na mmoja akaniuliza mimi ni nani. Nilijibu kama nilivyofundishwa: baba yangu ni mtu wa hapa, Mutsamudu, nyumba yetu ni nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Yule kijana akamwangalia Baba, akacheka, akasema kumbe ni ndugu, na wakaenda zao. Jioni Baba alimsimulia Shangazi mbele yangu, "Leo huyu ndiye aliyetuokoa." Bangili ya Mama ikabaki kwa mke wa mzee.

Wiki iliyofuata tulisikia kwamba Moroni imepewa ruhusa ya kuleta meli moja kuwachukua Wangazija waliokwama. Orodha ya majina iliandikwa Moroni. Mjomba Saandi, ambaye hakuwahi kusema uongo hata wa kumbembeleza mtoto, alikuwa ameapa mbele ya makarani kwamba Baba ni mtu wa Mvouni, akaliandikisha jina lake pamoja na langu. Vijana wa Mutsamudu nao walikuwa wametoa amri yao: mwanamume wa Nzuani haondoki.

Makuli walikwisha kupakia injini, imefungwa kwa gunia. Baba alikuwa amevaa kofia aliyofumiwa na Mama, na tangu alfajiri alikuwa akizungumza Kingazija tu, hata na Shangazi. Tulikaa kwenye mstari juani. Mbele kulikuwa na karani wa meli na orodha, na pembeni yake kijana mwenye bunduki. Karani alisoma jina la Baba, akaweka alama. Kijana akamwuliza, "Mtu wa wapi?" Baba akasema, "Mvouni." Kijana akamtazama muda mrefu. Hakuwa na hakika. Kisha akainama kwangu.

"Na wewe, baba yako ni mtu wa wapi?"

Niliona bunduki. Niliona uso wa Baba umekauka. Nikajua ya kwamba sasa ndiyo zamu yangu ya kumwokoa tena, na nikajibu kwa sauti kubwa, wazi, bila kukosea hata herufi.

"Ni mtu wa hapa. Mutsamudu. Nyumba yetu ni nyuma ya msikiti wa Ijumaa."

Nikaongeza na jina la bibi yangu, mama yake Baba, kwa kuwa nilikuwa nimeona majina ya wazee hupendeza.

Watu nyuma yetu walikuwa wanasukumana, wanapiga kelele, sidhani kama yeyote alisikia isipokuwa sisi wanne. Karani aliinamisha macho na kupiga mstari. Kijana alimshika Baba mkono. Baba hakupinga, na hakuniambia lolote kuhusu nilichosema, si pale wala siku nyingine yoyote. Aliomba jambo moja tu, kwamba mtoto apande na injini ipande. Alinibeba mpaka kwenye ngazi ya meli, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea.

"Mwambie Fundi ringi ya silinda ya tatu," alisema haraka. "Amwage oili yote kabla hajaiwasha. Abadilishe gaskiti. Akaze taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Umeshika?"

"Nimeshika. Wewe unakuja lini?"

"Rudia nisikie."

Nikarudia. Nilikuwa bado narudia aliposhuka.

Bandari ya Moroni ni ndogo, meli ilitia nanga mbali na mashua zikatushusha. Mama alikuwa kwenye ngazi za bandari, na Mjomba nyuma yake. Aliangalia mashua yangu, akaangalia mashua iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mashua zikaisha. Kisha akaniangalia mimi na lile gunia.

"Baba yako amesema nini?"

"Fundi amwage oili yote kabla hajaiwasha. Abadilishe gaskiti. Akaze kutoka katikati kwenda nje."

Akanishika mabega.

"Na mimi? Hakusema neno?"

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimeanza kuelewa, mle baharini, nilichokuwa nimefanya. Hofu ilikuwa imenijaa mpaka meno yananigongana, na watu wakasema mtoto amepigwa na upepo wa bahari. Abiria mmoja alimwambia Mjomba kwamba ndiyo, mtu mmoja wa kwenye orodha amejulikana pale pale kuwa Mnzuani, lakini amejulikanaje hajui. Mjomba akaikumbuka habari hiyo.

Fundi Bakari alifanya yote kama nilivyomwambia, na injini ikawaka mara ya kwanza. Watu wa Mvouni wakashuka mjini kwa gari lao tena, akiendesha binamu yake Mama. Injini ilikunywa oili na ilitembea, kama alivyosema yule mzee. Mimi nililipanda gari lile mara chache sana. Nilikwenda shule kwa miguu.

Ilipita miaka miwili na zaidi hadi meli za kawaida ziliporudi, na siku moja mchana Baba alisimama mlangoni kwetu akipiga hodi kama mgeni. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Mjomba alimkaribisha ukumbini pamoja na wazee wawili wa kijiji. Mama alikaa nyuma ya pazia, na nilipita karibu naye na sinia ya chai, nikaona amevaa nguo yake nzuri. Alikuwa bado anataka kumpokea. Nataka hilo lijulikane.

Mjomba hakupandisha sauti. "Sisi tulikuandika kuwa mtu wetu," alisema. "Niliapa mimi, kwa ulimi wangu. Karani wa meli alikuwa na jina lako mkononi, na mtoto yuko pembeni yako, na mkeo anakungoja bandarini. Hatuulizi kwa nini walikuzuia. Wana bunduki, wanazuia. Tunauliza kitu kimoja. Nani aliwaambia kwamba wewe ni mtu wa kule?"

Nilikuwa katikati ya ukumbi na sinia. Niliwaza kusema. Nilikwisha kufungua mdomo, nakumbuka ubaridi wa hewa kwenye meno. Baba aliniona. Aliniangalia kitambo kifupi sana, kisha akamgeukia Mjomba.

"Niliwaambia mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Niliona nibaki kwetu."

Pazia lilitikisika, na nikasikia miguu ya Mama ikienda jikoni, haina haraka. Mjomba alisema, "Basi umetujibu." Wazee wakasoma Fatiha ya kufunga shauri. Nikainama mbele ya Baba na sinia, akachukua kikombe, akasema, "Ahsante, mwanangu." Nikawapelekea na wazee vikombe vyao.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, ninajua kusema, na sikusema. Alirudi Mutsamudu kwa meli ya wiki ile, akafia huko. Mama aliishi miaka ishirini na zaidi baada ya siku ile, nami nikiishi naye chumba cha pili, tunakula sinia moja. Mtu akilitaja jina la Baba, alikuwa akisema, "Yule aliona abaki kwao," na mimi namwongezea mchuzi. Mama tulimzika mwaka jana.